Kambale wa Jicho Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa hadubini isiyokuwa na lenzi, nikaambiwa niisafishe. Vita vya themanini na sita vilikuwa vimekwisha, Kampala ilikuwa ikijiokota, na maabara ya samaki niliyopangiwa, pale juu Nakasero, ilikuwa na matundu ya risasi ukutani yaliyozibwa kwa magazeti. Aliyenipokea alikuwa Fundi Mkuu wa Maabara, mzee mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi likawa gumu kama ubao. Nilimwuliza kwa adabu kuna faida gani ya kusafisha kitu kisichofanya kazi.

"Lenzi itakuja," alijibu. "Ikija ikakuta chombo kichafu, aibu ya nani?"

Lenzi ilikawia miezi mingi, lakini ilikuja, na ilikuta chombo kinang'aa.

Naitwa Akello. Baba yangu alikuwa sajenti wa polisi kutoka Lira, na mimi nilizaliwa na kukulia kambini hapa Kampala. Wasichana niliosoma nao walikiogopa Kiswahili, maana kwao kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Kwangu kilikuwa lugha ya uji wa asubuhi. Kilikuwa Kiswahili cha kambi, kimenyooshwa hapa na kupindwa pale. Hiki ninachoandikia nilikitafuta ukubwani, kwa redio na kwa vitabu. Nawasimulia ninyi vijana mnaoingia maabara siku hizi mkakuta kila kitu kwenye katoni, ili mjue kazi hii ilivyokuwa ikifanywa zamani, na jinsi ilivyotuchekesha.

Fundi Mkuu alinifundisha mikono kwanza, akili baadaye. Alinifundisha kutengeneza bomba la kunyonyea viinitete: unachukua mrija wa kioo, unaushika juu ya moto mpaka uanze kulegea, kisha unavuta pande mbili kwa pumzi moja, na katikati unakuwa mwembamba kama unyasi. Kiinitete, kwa asiyejua, ni kiumbe kinachoanza kuumbika ndani ya yai. Ukikinyonya kwa bomba lenye ncha kali unakipasua. Nilivunja mirija mingi mpaka Fundi Mkuu akasema sasa anaelewa kwa nini serikali haina pesa. Alinifundisha pia kulaza maji ya bomba usiku kucha kwenye ndoo wazi ili dawa ya klorini iruke, na kuipeleka hadubini dirishani umeme unapokatika, nikaelekeza kioo chake kwenye jua. Hadi leo naamini mwanga wa Kampala wa saa nne asubuhi unaishinda taa yoyote.

Nilipokwisha kuiva nilipelekwa kwenye kitotoleshi chetu karibu na Ggaba, kando ya ziwa. Hapo ndipo tulipozalisha vifaranga vya kambale, samaki wa sharubu ambaye Waganda humwita male. Kambale hazai ovyo akiwa kifungoni. Jioni unamchoma jike sindano ya homoni, asubuhi unamshika kwa taulo na kumkamua tumbo taratibu, na mayai yanamwagika bakulini, ya kijani iliyochanganyika na kahawia, yanateleza kama uji wa bamia. Unachanganya na mbegu za dume, unatia maji, unakoroga kwa unyoya wa kuku, kisha unayatandaza juu ya wavu ndani ya beseni. Kesho yake vifaranga wametoka.

Mlinzi wa mabeseni alikuwa Silivano, mtu mzima aliyewahi kuwa mpishi wa jeshi, mrefu, mpole, mlokole wa kweli. Walokole ni wale Wakristo waliookoka, nao hawagusi pombe wala tumbaku. Kila asubuhi alitusalimu, "Yesu asifiwe," halafu akawasalimu samaki. Jike mkubwa kuliko wote alimpa jina la Nalongo, jina la heshima la mama aliyezaa pacha. "Huyu na pacha wake elfu," alisema, "tunamwitaje kwa jina tupu hivihivi?" Nilikaa naye miaka kadhaa, nikampenda kama ndugu, kisha nikarudishwa Nakasero kwa sababu alikuwa amewasili Daktari.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Mganda aliyesomea Nairobi kisha ng'ambo, na utaalamu wake ulikuwa viinitete. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, changu cha kambi, tukakutana katikati. Siku ya kwanza aliniketisha kwenye hadubini, akaniwekea yai la kambale lililorutubishwa asubuhi ile.

"Unaona nini?"

"Kofia ndogo ya seli juu ya kiini cha yai."

"Zinatofautiana?"

"Hapana. Zote ni sawa."

"Basi niambie, Akello. Zikiwa sawa, ipi itajua iwe mgongo, na ipi itajua iwe jicho?"

Hapo ndipo alipoanza kunifundisha jambo lililonishika maisha yangu yote. Seli huambiana. Seli moja hutoa protini, protini hiyo husafiri hadi kwa jirani, na jirani ana kipokezi ukutani mwake. Kipokezi kikiinasa protini, habari hupelekwa ndani mpaka kwenye jeni, na jeni fulani huamka au hulala. Nilimwuliza seli itajuaje iko karibu au mbali na anayeita.

"Ukishuka Ggaba," akasema, "unajuaje kwamba umewakaribia wanaokaanga samaki?"

"Kwa harufu."

"Harufu ikizidi?"

"Nimefika."

"Basi seli nazo ni hivyo hivyo. Protini ikiwa nyingi, seli inajua iko mlangoni. Ikiwa kidogo, inajua iko mbali, inafanya kazi nyingine."

Protini hizo zilikuwa za aina nyingi. Kuna zinazoamua upande wa tumbo na zinazolinda upande wa mgongo, kuna za mkia, kuna za mapezi. Mojawapo ilikuwa na jina la kizungu la mnyama mdogo wa miiba, kwa sababu wataalamu waliigundua kwanza kwa nzi, na buu aliyeikosa jeni yake alijaa vimiiba mwili mzima. Daktari alinieleza mnyama huyo anavyojikunja akiguswa.

"Ah, kalunguyeye!" nikasema.

"Nani?"

"Kalunguyeye. Ndilo jina lake kwa Kiswahili."

Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo, katika maabara yetu, protini ile haikuitwa kwa jina jingine. Hata kwenye chupa za jokofu tuliandika Kalunguyeye, na wageni walidhani tunafuga.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, taabu ikaja. Mteja wetu mkubwa alikuwa Mama Furaha, mfanyabiashara Mkongomani aliyenunua vifaranga na kuwakuza kwenye vidimbwi, kisha akawauzia wavuvi wa sangara kama chambo. Alipanda ngazi za maabara akihema, akaweka mezani chupa ya jemu yenye maji.

"Dada, angalia mwenyewe. Hii samaki iko na jicho moja. Na hii pia. Mimi naomba Mungu, lakini hii ni kitu gani mnaniuzishia?"

Nilimnyonya kifaranga mmoja, nikamweka chini ya lenzi. Katikati ya paji la uso wake lilikaa jicho moja kubwa jeusi, likinitazama. Mwingine alikuwa na mawili yaliyogusana kama mtu anayetazama ncha ya pua yake. Wengi wa namna hiyo hawakuishi, hawakuweza kula. Beseni zima baada ya beseni zima ilikuwa hivyo. Pale ufukweni ilianza kusemwa kwamba mizimu ya ziwa imekasirika kwa sababu tunakamua matumbo ya samaki.

Mkuu wa Kitengo, aliyekuwa juu yetu sote, hakuamini mizimu, lakini aliamini magazeti. Alikuwa mtu mnene, mwema, mwenye wasiwasi. Alituita ofisini kwake.

"Mbegu mbaya," alisema. "Wazazi wana kasoro, wanarithisha. Kabla mwezi haujaisha, kambale wote wazazi wauzwe sokoni, mabeseni yakaushwe. Wafanyakazi wa Ggaba nitawaandikia barua."

"Ndugu Mkuu," akasema Daktari, "huu si ugonjwa wa kurithi. Huu ni ujumbe uliopotea njiani."

"Ujumbe wa nani?"

"Wa kalunguyeye," nikajikuta nimejibu mimi.

Mkuu wa Kitengo alinitazama, akaigeukia kalenda ukutani. Kisha akampa Daktari hadi mwisho wa mwezi.

Tulipotoka, Daktari alinichorea kwa chaki kwenye sakafu ya korido. Kila kiinitete cha samaki, na cha mtu pia, huanza na eneo moja tu la macho, katikati ya kichwa. Halafu seli za mstari wa katikati, chini ya ubongo unaoanza, hutoa kalunguyeye, na ujumbe wake kwa eneo lile ni mmoja: gawanyikeni, acheni nafasi. Ndipo jicho moja huenda kulia na jingine kushoto. Ujumbe usipofika, jicho hubaki moja. Na mstari ule huandaliwa mapema, mchana wa siku ile ile ya kurutubisha, kofia ya seli inaposhuka kukifunika kiini.

"Kwa hiyo," alisema akipangusa chaki mikononi, "kuna kitu kinayapata mayai mchana. Tutafute ni kitu gani."

Asubuhi iliyofuata tulimkamua Nalongo mwenyewe. Nusu ya mayai yake tuliyaacha Ggaba kwenye beseni kama kawaida. Nusu niliyatia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, nikachukua na madebe mawili ya maji ya pale pale, nikaipakata chupa kwenye gari la ofisi hadi Nakasero. Dereva aliniuliza kama ni chai ya maziwa. Kesho yake wa Nakasero walitoka na macho mawili mawili, wazuri kama picha. Wa Ggaba walitoka na jicho moja. Mama ni yule yule, baba ni yule yule, maji ni yale yale. Nilimpigia Daktari simu kwa sauti iliyowaamsha walinzi wa jengo la jirani.

"Basi si samaki," akasema. "Ni sisi. Tukimkamua tena, nenda ukae na mayai. Usiyaache hata kidogo."

Nilienda nikakaa kwenye kigoda mbele ya beseni tangu mayai yalipotandazwa. Silivano alizunguka chumba kile kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

"Madamu, saa ya chakula imefika. Enda kula. Mimi nalinda."

"Nimeshiba, mzee."

"Huko nje kuna upepo mzuri sana."

"Hapa pia pazuri."

Alitoka, akarudi, akatoka. Mwishowe niligeuka kuchukua kipima joto kilichokuwa rafuni nyuma yangu, na kabla sijakishika, pua yangu ikakamata harufu ninayoijua tangu utoto. Nyuma ya nyumba yetu kambini palikuwa na mama aliyekuwa akipika waragi, ile pombe kali ya ndizi, na harufu yake haisahauliki. Niligeuka. Silivano alikuwa ameinamia beseni na dumu la njano mkononi, akimimina kwa uangalifu kama mtu anayemwogesha mtoto.

"Mzee Silivano, hiyo ni nini?"

"Ni dawa, madamu."

"Dawa inanuka waragi."

Aliliweka dumu chini. Uso wake wote ulilegea. "Madamu, mimi hapana kunywa. Tangu naokoka, hata tone moja. Naapa... hapana, sisi hatuapi. Nasema tu."

Nilimpisha akae kwenye kigoda. Akanieleza. Mvua zilipoanza, ukungu mweupe kama pamba ulishambulia mayai, ukawa unayala. Siku zile alikuwa na kidonda mguuni, na muuguzi alikuwa akikisafisha kwa spiriti, akamwambia inaua kila kidudu. Silivano akawaza. Spiriti ya hospitali haipatikani ovyo. "Lakini walagi ni ndugu ya spiriti," alisema. Alipojaribu, ukungu ulipungua kweli, akafurahi. Tatizo lilikuwa kununua. Angeonekana na mtu yeyote wa kanisa lake akiwa na dumu la waragi, nani angeamini kwamba ni la samaki? Ndipo akawa anapanda hadi Kamwokya, mbali na wanaomjua, kofia ameishusha hadi nyusi, bila kumwambia mtu yeyote.

"Wao wanauliza mimi, mzee, iko na sherehe? Mimi nasema ndiyo, sherehe kubwa." Kisha macho yakamjaa machozi. "Kumbe ni mimi naharibu watoto ya Nalongo?"

"Hatujajua bado," nikamwambia. "Lete dumu, twende Nakasero."

Daktari hakucheka aliposikia, ingawa niliona kwamba ilimgharimu. Aliyapanga mayai kwenye visahani vya kioo: haya maji matupu, haya waragi kidogo, haya zaidi, haya nyingi. Mengine aliyapa waragi mchana, mengine aliyangoja mpaka mkia umeanza kuchomoza. Yaliyonyweshwa mapema na kwa wingi yalitoka na jicho moja. Yaliyonyweshwa baadaye yalikuwa na macho mawili, kwa sababu ujumbe ulikuwa umekwisha kufika.

Lakini Daktari alitaka tuuone ujumbe wenyewe unavyopotea. Tuligandisha viinitete vingine kwa dawa ili visiharibike, tukavitia kipande cha jeni kilichowekewa alama. Kipande hicho hutafuta mwenzake ndani ya seli, na pale kinapomkuta, pale ambapo seli inajiandaa kutengeneza kalunguyeye, rangi ya zambarau hutokea. Ni kazi ya kuosha na kuosha tena, siku nzima na nyingine, na ukikosea hatua moja huoni kitu. Umeme ulikatika mara mbili, tukavikumbatia vichupa kwapani kuvitunzia joto.

Rangi ikatoka. Niliinama kwenye lenzi dirishani. Katika kiinitete kilichokuwa kwenye maji matupu, mstari mmoja wa zambarau ulinyooka kutoka mkiani hadi chini ya paji la uso. Katika kile cha waragi, mstari uliishia njiani, umefifia, na mbele palikuwa patupu. Nimeona mambo mengi mazuri maishani, nimewazaa watoto wanne, lakini mstari ule ulinifanya nipige kigelegele ndani ya jengo la serikali. Fundi Mkuu, aliyekuwa ameshastaafu na kuja kutusalimu tu siku hiyo, aliangalia, kisha akasema, "Lenzi hiyo imesafishwa vizuri."

Ikabaki habari ya kumweleza Mkuu wa Kitengo. Silivano alituomba kwenye ngazi, "Wandugu ya kanisa wakisikia, mimi nimekwisha," na Daktari akamwahidi kwamba tutasema ni kemikali fulani tu. Tukaingia. Daktari akaonyesha michoro, akafika kwenye neno kemikali, na Silivano akasimama mwenyewe, kofia mkononi.

"Mkubwa, si kemikali. Ni walagi. Mimi ndiye nalewesha samaki."

Tumbo la Mkuu wa Kitengo likaanza kutikisika, halafu mabega, halafu akacheka waziwazi huku akigonga meza. "Mlokole!" alisema. "Mlokole amefungua baa ya kambale!" Alipotulia alipangusa machozi, akachana karatasi ya amri ya kuwauza wazazi iliyokuwa mezani pake. Nalongo akaponyoka sufuria. Tulianza kuokota mayai mafu kwa mkono na kutia chumvi kidogo, na ukungu ukatuacha.

Silivano hakungoja uvumi umfikie. Jumapili ile alisimama kanisani kutoa ushuhuda, nami nilikuwa nimekaa nyuma, nimeenda kumtia moyo. Alieleza yote, dumu, kofia, Kamwokya. Watu walicheka, yeye akawaacha wacheke. Kisha akawageukia akina mama. "Sasa mimi nauliza. Daktari anasema mtoto ya mtu naanza kama mtoto ya samaki, seli naongea na seli. Kama walagi nafunga mdomo ya seli ndani ya yai, nani hapa iko na mimba na bado anaonja?" Hakuna aliyecheka tena. Baada ya ibada, mwanamke mmoja kijana alinifuata uani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli. Nilimwambia ni kweli, na kwamba siku yoyote atakayoacha ndiyo siku nzuri ya kuacha. Tulizungumza hadi watu wote wakaondoka.

Mama Furaha alirudi kununua. Kwa miezi mingi, kila akipokea ndoo yake aliichungulia na kuuliza, "Hawa hawajalewa?"

Baada ya hapo nilizunguka sana. Nilipelekwa kufundisha mafundi wapya, nikarudishwa Ggaba kama msimamizi, nikaishia kwenye cheo cha Fundi Mkuu wa Maabara, na koti langu nililipiga pasi kila siku. Daktari alipata kazi kubwa nje ya nchi, lakini bado huniandikia. Silivano alifariki usingizini akiwa mzee sana, na kwenye mazishi yake waimbaji wa kanisa walikuwa wengi kuliko viti.

Siku ya kustaafu kwangu walinipa saa ya ukutani na keki. Sasa nakaa Kamwokya, kwenye nyumba yenye muziki pande zote nne, na majirani wanaamini nilikuwa muuguzi. Sikatai, maana kuwaeleza ni hadithi ndefu. Najua mmeshapata mashine zinazopiga picha seli moja moja zikitoa ishara zake. Mshukuru, mzitunze. Lakini mkumbuke kwamba hakuna protini hata moja inayojua samaki ni nini. Kila seli inajua tu jirani yake kasema nini, ikasikia, ikajibu, na kwa kusikilizana huko kiumbe kizima kinatokea. Ni ofisi chache nilizofanyia kazi zilizofikia kiwango hicho.

Kitu kimoja ndicho ninachokikosa. Kiinitete cha kambale kinaonekana hadi ndani, na kuna wakati, kabla damu haijawa na rangi, ambapo kijirija kidogo chini ya kichwa kinastuka. Kinatulia. Kinastuka tena. Halafu hakiachi. Nimeuona moyo ukianza mara nyingi kiasi ambacho ningepaswa kuuzoea, na sijauzoea. Kuna binti mmoja niliyemfundisha, yuko pale maabara sasa, na siku nyingine hunipigia simu katikati ya mapishi yangu.

"Mama Akello! Umeanza kupiga!"

"Basi kata simu," humwambia, "utazame."